Mizani ya Akili

Msomaji kijana, tangu macheo hata machweo wewe hufikiri. Hufikiri njia ipi itakufikisha shuleni upesi, hufikiri jibu la hesabu, hufikiri namna ya kumwomba mzazi wako fedha bila ya kumkasirisha. Lakini huenda hujapata kukaa kitako ukajiuliza: je, kufikiri huku ni kitu gani, nako huendaje? Mkulima hulijua jembe lake, seremala huijua randa yake, na mvuvi huujua wavu wake. Mwenye akili aghalabu haijui akili yake, ingawa ndicho chombo akitumiacho kuliko vyote.

Wahenga wetu hawakulisahau jambo hili. Walisema kuwa akili ni mali, kisha wakatuonya kuwa akili nyingi huondoa maarifa. Elimu ya kuichunguza akili kwa majaribio, ambayo huitwa saikolojia, ni changa ikilinganishwa na mithali hizo. Maabara yake ya kwanza iliyo mashuhuri ilifunguliwa na Wilhelm Wundt katika mji wa Leipzig, Ujerumani, mwaka 1879. Katika insha hii nataka tuifuate historia ya elimu hiyo katika sehemu moja tu, nayo ni namna viumbe wanavyotatua mambo magumu. Nitakusimulia habari za paka, za sokwe, za mitungi ya maji, za dubu na za kadi. Ukizifuata kwa saburi utaona kuwa zote zinaelekea kwenye swali moja linalotuhusu sana: ni nani mwenye haki ya kusema kuwa fulani hana akili?

Tuanze na paka. Mwaka 1898 kijana mmoja Mmarekani, jina lake Edward Thorndike, alitoa maandiko juu ya akili ya wanyama. Alikuwa ameunda masanduku ya mbao yenye mlango uliofunguka kwa kuvuta kitanzi au kukanyaga kijiti. Alimtia ndani paka mwenye njaa, na nje akaweka kipande cha samaki. Paka alikwaruza, akauma, akajipenyeza huku na huku, mpaka kwa bahati akagusa penye kufungua. Alipotiwa tena na tena, muda wake wa kutoka ulipungua kidogo kidogo. Thorndike alitazama kupungua huko akasema kwamba lau paka angalielewa siri ya mlango, muda ungalishuka ghafula siku ile aliyoelewa. Kwa kuwa ulishuka polepole, basi paka hakuelewa kitu; matendo yaliyomfaa yalishika mizizi, na yasiyomfaa yakafifia. Kwa maoni hayo, kujifunza ni kujaribu, kukosea, na kujaribu tena.

Maoni hayo yalikuwa na nguvu, lakini yalipata mpinzani. Mwishoni mwa mwaka 1913 Mjerumani Wolfgang Köhler alifika katika kisiwa cha Tenerife, baharini upande wa magharibi wa Afrika, kuwachunguza sokwe waliokuwa wameletwa kutoka Kameruni. Vita Kuu vilipozuka mwaka uliofuata alibaki kisiwani humo, wala hakuondoka hata mwaka 1920. Sokwe wake mmoja aliitwa Sultani. Siku moja Sultani aliwekewa ndizi nje ya vyuma vya kizimba, mbali na mkono wake, akapewa vijiti viwili vya mwanzi. Kila kijiti peke yake kilikuwa kifupi, bali tundu la kimoja liliweza kupokea ncha ya kingine. Sultani alijaribu kwa muda uliozidi saa moja. Köhler hata alitia kidole chake katika tundu la kijiti mbele ya macho yake ili kumdokezea, lakini wapi! Mwisho sokwe akachoka, akaketi juu ya sanduku, akaanza kuvichezea vijiti vile pasipo kuitazama ndizi. Katika kuchezacheza huko ikatokea akavishika vikiwa vimelingana, kimoja mkono huu na kingine mkono huu. Papo hapo akakisukuma chembamba ndani ya kinene, akaruka mbio mpaka kwenye vyuma, akaivuta ndizi kwa fimbo yake mpya.

Angalia tofauti, msomaji. Paka wa Thorndike hakuweza kuona mashine iliyofungua mlango wake, maana nyuzi nyingi zilikuwa zimefichwa. Sultani alikuwa na kila kitu mbele ya macho yake. Köhler alisema kuwa kutatua jambo ni kuliona upya: vitu ni vilevile, lakini uhusiano wao umebadilika machoni pa mtazamaji. Nasi hapa tunajifunza somo la kwanza la historia hii. Ukimpa kiumbe mtihani ambao kitovu chake kimefichwa, usistaajabu akionekana mpumbavu. Huenda upumbavu umo katika sanduku.

Mwanafunzi wa wataalamu wa Berlin, Karl Duncker, aliyapeleka mambo haya kwa watu. Katika kitabu alichokitoa mwaka 1935 alieleza jaribio hili. Mtu alipewa mishumaa midogo, njiti za kiberiti, misumari midogo ya kubandikia na visanduku vidogo, akaambiwa aisimamishe mishumaa mlangoni. Jibu ni kukibandika kisanduku mlangoni kwa misumari na kukifanya kibao cha kusimamishia mshumaa. Visanduku vilipowekwa vitupu, watu waliona jibu kwa urahisi. Vilipojazwa vitu ndani, wengi walishindwa, kwa kuwa waliviona kuwa ni vyombo vya kutilia vitu basi. Kazi tuliyokizoesha kitu hutufumba macho tusiione kazi yake nyingine.

Sasa chukua karatasi na kalamu, ufanye jaribio lingine wewe mwenyewe. Lilifanywa Marekani na Abraham Luchins, akalitangaza mwaka 1942. Nitatumia kibaba kuwa kipimo chetu. Una mitungi mitatu: wa kwanza huchukua vibaba 21, wa pili 127, wa tatu 3. Upate vibaba 100 kamili. Jibu ni hili: ujaze mtungi wa pili, umimine kuujaza wa kwanza mara moja na wa tatu mara mbili, zitabaki 100. Fanya tena kwa mitungi ya 14, 163 na 25, upate 99. Fanya kwa 18, 43 na 10, upate 5. Fanya kwa 9, 42 na 6, upate 21. Njia ni ileile. Haya, sasa mitungi ni ya 23, 49 na 3, nawe unatakiwa upate 20. Ukiisha kupata jibu ndipo uendelee kusoma.

Ukifuata njia ya zamani, 49 toa 23 toa 3 toa 3, utapata 20. Lakini hukuhitaji mtungi wa pili kabisa: 23 toa 3 ni 20. Luchins aliona kuwa watu waliozoezwa njia ndefu waliishikilia hata pale ambapo njia fupi ilikuwa wazi, hali watu ambao hawakuzoezwa waliiona fupi mara moja. La kusikitisha zaidi ni hesabu ya mitungi ya 28, 76 na 3, ambapo hutakiwa vibaba 25. Hapa njia ndefu haifai, na jibu ni kutoa 3 katika 28 tu. Wengi katika wale waliozoezwa walishindwa nayo kabisa. Ndiyo maana katika baadhi ya majaribio yake Luchins aliwataka watu waandike katika karatasi zao onyo la kujikumbusha wasiwe vipofu, na baadhi yao lilipowaamsha wakaona.

Hapa sina budi kukuungamia jambo. Katika miaka yangu ya mwanzo ya ualimu nilifundisha darasa langu kutafuta bei iliyopunguzwa. Nilisema: bidhaa ya shilingi 800, ikipunguzwa asilimia 25, zidisha 800 kwa 25, gawanya kwa 100, upate 200, kisha toa katika 800, ibaki 600. Msichana mmoja aliandika mstari mmoja tu: 800 gawanya kwa 4, zidisha kwa 3, jibu 600. Nilipiga mkasi kwa wino mwekundu, nikaandika kando kwamba njia siyo. Hakunijibu neno. Alikuwa na desturi ya kuinua mkono darasani. Tangu siku hiyo sikuuona mkono wake ukiinuka tena. Miaka ilipita kabla sijasoma habari za mitungi ya Luchins, nami nilipozisoma nilijua mara moja ni nani aliyekuwa kipofu katika chumba kile. Yeye alikwisha maliza shule, wala alama ile siwezi kuifuta tena. Tangu hapo, kabla sijapiga mkasi, humwita mwanafunzi anieleze alivyofikiri.

Kosa langu lilikuwa la mtu mmoja juu ya mtoto mmoja. Historia inatuonyesha kosa la namna hiyohiyo likifanywa na wakubwa juu ya mataifa mazima.

Mwaka 1931 na mwaka 1932 Mrusi Alexander Luria alikwenda Uzbekistan, nchi ya Asia ya Kati iliyokuwa chini ya Dola ya Sovieti. Mashauri ya safari hizo aliyapanga pamoja na rafiki yake Lev Vygotsky. Walitaka kujua kama kusoma na kuandika hubadilisha namna ya kufikiri. Luria aliwaambia wakulima wasiosoma maneno ya namna hii: kaskazini ya mbali, penye theluji, dubu wote ni weupe, mahali paitwapo Novaya Zemlya ni kaskazini ya mbali, je, dubu wa huko ni wa rangi gani? Mkulima mmoja alijibu kuwa yeye aliwahi kumwona dubu mweusi, na wengine hajawaona. Tena kila nchi ina wanyama wake. Walipoonyeshwa nyundo, msumeno, shoka na gogo, wakaambiwa watoe kimoja kisichokuwa cha jamii ile, walikataa kulitoa gogo. Msumeno na shoka vina faida gani pasipo gogo? Vijana waliokuwa wameingia shule, hata kwa muda mfupi, walijibu kama watungaji wa mtihani walivyotaka.

Luria aliona kuwa hapo pana hatua mbili za akili, na kuwa shule na maisha mapya ndizo ziwavushazo watu kutoka ya kwanza mpaka ya pili. Wakubwa wa Moscow hawakuyapenda matokeo hayo, wakamshutumu kuwa anayatweza makabila madogo ya dola. Kitabu chake kilikaa kikafichika hata mwaka 1974 kilipochapishwa.

Na huku kwetu je? Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani lilitoa kitabu cha daktari J. C. Carothers juu ya akili ya Mwafrika. Daktari huyo alikuwa mkuu wa hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari, Nairobi, tangu mwaka 1938 hata mwaka 1950. Katika kitabu hicho alimfananisha Mwafrika na Mzungu aliyekatwa sehemu ya mbele ya ubongo. Mwaka uliofuata serikali ya kikoloni ilimtaka aandike juu ya Mau Mau, naye akavieleza vita vile kwa habari za nafsi ya Mkikuyu zaidi kuliko kwa habari za ardhi yake. Fikiri, msomaji, ni watu wa namna gani waliokuwa wakipita mbele ya daktari huyo katika kazi yake ya kila siku. Walikuwa wagonjwa. Atakaye kujua nguvu za miguu ya taifa hawezi kuzipimia katika wodi ya waliovunjika.

Mwaka 1967 kilitoka kitabu kilichofungua mlango mwingine. Waandishi wake, John Gay na Michael Cole, walikuwa Liberia katika nchi ya Wakpelle, wakichunguza kwa nini watoto wa huko walipata taabu katika hesabu za shule. Badala ya kuuliza watoto wamepungukiwa na nini, walitazama watu wa huko wanajua nini. Wakpelle hulima mpunga. Watafiti walichukua vyombo vyenye mchele wa viwango mbalimbali, wakawataka watu wakisie ni vikombe vingapi. Wakpelle watu wazima walikisia kwa usahihi mkubwa, na Wamarekani waliosoma wakaachwa mbali nyuma yao. Katika mtihani huo, nani angaliitwa mjinga?

Katika uchunguzi wa baadaye Wakpelle walipewa vitu ishirini vya vyakula, nguo, zana na vyombo, wakaambiwa wavigawe. Waliweka kisu pamoja na chungwa, kwa kuwa kisu hulikata chungwa, na jembe pamoja na kiazi, kwa kuwa jembe hukichimbua. Wakasema kuwa ndivyo afanyavyo mwenye busara. Hatimaye mtafiti, baada ya kushindwa, akauliza: na mjinga angevigawaje? Hapo wakavipanga vyakula mahali pamoja, zana mahali pamoja, nguo mahali pamoja, sawasawa na vile watafiti walivyokuwa wakitazamia tangu mwanzo. Kumbe mgawanyo wa vitabuni waliujua siku zote. Hawakuona faida yake.

Mwenzao Cole, Sylvia Scribner, aliyatafakari tena majibu kama yale ya dubu wa Luria. Aligundua jambo kubwa. Mtu asiyesoma alipokataa maneno ya swali na kuegemea yale aliyoyaona kwa macho yake, alionekana hawezi kufikiri kwa kanuni. Lakini kila alipoyakubali maneno ya swali, hoja zake karibu zote zilifuatana barabara. Tazama tena jibu la yule mkulima. Anasema kwamba hasemi asichokiona. Mbele ya hakimu, neno hilo lingehesabiwa kuwa uaminifu. Shule ndiyo inayotufundisha mchezo wa namna nyingine, wa kuyashika maneno ya mgeni kana kwamba ni kweli na kuangalia yanatupeleka wapi. Mchezo huo una faida kubwa, maana hesabu na sayansi zimejengwa juu yake. Lakini kutoujua siko kukosa akili.

Basi na waliosoma, wao hufikiri bila ya kuegemea mambo waliyoyazoea? Mwaka 1966 Peter Wason wa London alieleza mtihani wa kadi nne. Kila kadi ina herufi upande mmoja na namba upande wa pili. Mezani unaona A, D, 4 na 7. Kanuni ni hii: kadi yenye irabu upande mmoja ina namba shufwa, yaani igawanyikayo kwa mbili, upande wa pili. Ni kadi zipi lazima uzigeuze ili ujue kama kanuni imevunjwa? Wengi husema A na 4, au A peke yake. Jibu ni A na 7. Ukiikuta namba witiri nyuma ya A, kanuni imevunjika. Ukiikuta irabu nyuma ya 7, imevunjika vilevile. Kadi ya 4 haiwezi kuivunja kwa lolote lililo nyuma yake. Hata katika wanafunzi wa vyuo vikuu, wanaopata jibu kamili kwa kawaida ni karibu mmoja tu katika kumi.

Lakini mwaka 1982 Richard Griggs na James Cox waliwapa wanafunzi wa Florida, Marekani, kanuni nyingine: anywaye bia lazima awe amezidi umri wa miaka 19. Kadi zilionyesha bia, soda, miaka 22 na miaka 16. Karibu robo tatu yao walijua mara moja kuwa wa kuchunguzwa ni mnywa bia na kijana wa miaka 16. Umbo la swali ni lilelile la Wason. Kilichobadilika ni kwamba sasa waliongea juu ya mambo ya maisha yao. Msomi wa chuo kikuu na mkulima wa Uzbekistan, basi, ni ndugu: kila mmoja hufikiri vizuri zaidi katika shamba analolilima.

Nimalizie nyumbani. Mwaka 2001 Robert Sternberg, Elena Grigorenko na wenzao walitangaza uchunguzi wao juu ya watoto wa Usenge, kando ya Ziwa Viktoria. Waliwauliza watoto habari za dawa za miti ya kwao: ipi hutibu nini, na kwa kiasi gani. Maarifa hayo yalikuwa ya lazima kwa watoto ambao maradhi hayaachi kuwazuru. Ikaonekana kuwa waliozijua dawa sana walielekea kupata alama ndogo katika mitihani ya maneno ya shule. Muda wa mtoto ni mmoja. Alioutumia kumfuata bibi yake porini hakuutumia katika kitabu. Tena Waluo hawana neno moja tu la akili. Wana rieko, ambayo ni maarifa na ustadi. Wana luoro, ambayo ni heshima. Wana winjo, ambayo ni kuelewa mambo ya maisha na namna ya kuyakabili. Na wana paro, ambayo ni kuwaza na kuanzisha jambo. Mtihani wa karatasi hupima sehemu ya rieko, na hayo mengine huyapita.

Msomaji wangu, sikuandika haya ili uidharau shule. Mimi ni mwalimu, na shule ndiyo iliyonipa kalamu hii. Nataka uchukue mambo mawili uondoke nayo. La kwanza ni la nafsi yako: ukikwama katika jambo, huenda si nguvu zilizokupungukia. Huenda umekishika kisanduku ukakiona kuwa ni chombo cha kutilia misumari tu. Kiweke chini, upumzike kama Sultani, kisha ukitazame upya. Mazoea yana taabu.

La pili ni la wenzako. Siku moja utakuwa mwalimu, au daktari, au hakimu, au mzazi. Utakaa upande wa meza wenye kalamu nyekundu. Ukisikia jibu usilolitarajia, usiseme upesi kuwa aliyelitoa hana akili. Muulize kwanza amefikaje hapo, unyamaze, umsikilize mpaka mwisho. Mfanyabiashara mwaminifu huichunguza mizani yake kabla ya kumlaumu mteja kuwa mzigo wake ni mwepesi.